Pedali za Shimano kwa baiskeli ya mbio: R7000 au M520, na kliti ipi

Wengi wanaoacha pedali bapa na kutaka zile za kunasa kiatu huanza na bei ya pedali, kisha uzito. Anza na kliti, kile kipande kinachofungwa chini ya soli. Ukizungusha mara 85 kwa dakika, kila goti linakunjwa zaidi ya mara 5,000 kwa saa, na kliti ndiyo inayoamua mguu umeelekea wapi muda wote huo. Pedali ya bei mbaya haimponyi mtu aliyefunga kliti upogo.

Shimano wana njia mbili. SPD-SL ni kliti pana ya plastiki yenye skrubu 3, na R7000 ya daraja la 105 (kundi la vifaa vya kati vya Shimano vya baiskeli ya mbio) ni mfano wake mzuri: gramu 265 kwa jozi, mwili wa kaboni iliyochanganywa na plastiki, na bati la chuma kisichoshika kutu juu, pale kiatu kinaposugua. Hilo bati ni sababu tosha ya kuichagua mbele ya pedali za plastiki tupu, maana hapo ndipo pedali huchakaa kwanza na kiatu kuanza kuchezacheza. SPD ya kawaida ni kliti ndogo ya chuma yenye skrubu 2, na M520 ndiyo inayojulikana zaidi: gramu 380, inanasa pande zote mbili, ni ngumu kufa.

Kwa anayeendesha kwenye lami tupu kwa muda wa saa 3 au 4 bila kushuka, R7000 inashinda. Kliti yake pana inasambaza shinikizo, na nyayo haziwaki moto mapema. Lakini ukishuka kununua maji kwenye sakafu ya vigae, unatembea kama uko kwenye barafu. Matope nayo ni adui yake: udongo mwekundu ukijaa kwenye kliti ya plastiki, hainasi tena mpaka uukwangue kwa kijiti. Kama njia yako ina vipande vya vumbi, au unakwenda nayo kazini na kupanda ngazi, chukua M520 bila kuona haya. Kliti yake hujificha ndani ya soli ya kiatu cha aina hiyo, na gramu 115 za ziada hutazihisi.

Sasa rangi. Kliti ya SPD-SL ya njano inaruhusu kisigino kucheza kwa pembe ya nyuzi 6, ya buluu nyuzi 2, nyekundu haichezi kabisa. R7000 mpya huja na za njano kwenye boksi, baki nazo. Nyekundu ni ya mtu aliyepimwa mkao na fundi anayejua kazi yake. Kwenye SPD ya skrubu 2, kliti ya SH51 huachia kwa kupeleka kisigino pembeni tu, ilhali SH56 huachia kwa pande zaidi, hata ukivuta kwa kupindisha juu. SH56 ni nafuu kwa mgeni, ila inaweza kukuachia ukisimama juu ya pedali mlimani.

Angalia pia usichanganye na LOOK. Kampuni hiyo ya Ufaransa ilitoa pedali yake ya kunasa mwaka 1984, na Bernard Hinault akashinda Tour de France ya 1985 akiwa nayo. Kliti zake za Keo nazo zina skrubu 3 na zinaingia kwenye matundu yaleyale ya kiatu, kwa hiyo muuzaji anaweza kukupa kwa nia njema kabisa. Kwenye pedali ya Shimano hazifanyi kazi.

Kufunga: vaa kiatu, papasa kifundo cha kidole gumba na kile cha kidole cha mwisho, weka alama kwa utepe pande zote mbili. Ekseli ya pedali ipite katikati ya alama hizo. Ukihisi ganzi vidoleni au kano ya kisigino ikivuta, rudisha kliti nyuma milimita 2 au 3. Kwa pembe, kaa mezani miguu ikining'inia uone visigino vinaelekea wapi vyenyewe, ufuate hivyo. Paka grisi kwenye skrubu, kaza kwa ufunguo wa L wa mm 4 hadi nyutonimita 5 au 6, kisha kaza tena baada ya safari ya kwanza. Hili si la kupuuza: skrubu ikilegea, kiatu kinageuka lakini kliti inabaki imenasa, na huna namna ya kutoa mguu kabla hujaanguka.

Pedali yenyewe ina nyuzi za skrubu za inchi 9/16. Krenki (mikono inayobeba pedali) za kipande kimoja, hasa za baiskeli za watoto, huwa na 1/2, hazikubali. Ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Springi inayoshika kliti ianze kwenye ulegevu wa mwisho, na M520 ina skrubu 4 za springi kwa jozi, zote zihesabiwe mibonyezo sawa. Jizoeze umeegemea ukuta, na unapokaribia kusimama geuza kisigino nje kabla tairi halijatulia.

Ukinunua za mtumba, zungusha ekseli kwa vidole. Ikikwaruza, gololi zimekauka. Zinafunguka, husafishwa na kutiwa grisi upya. Ikiyumba huku na huku, kaza koni zake (nati zinazobana gololi) kwanza ndipo ulipe. Kliti za mtumba usinunue hata kidogo: vibao vya rangi pembeni vikishaisha, mguu huanza kuchomoka wenyewe, na mara nyingi ni wakati unapokanyaga kwa nguvu zote.