TAHADHARI: Wanaogonga mlango na "msaada wa serikali" wa kupunguza bili ya umeme wanauza mkopo

Ndugu zangu wa Columbus hapa Ohio, na nyinyi wa Dayton na Akron maana nasikia huko pia wameshafika: kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba jioni, wamevaa vizibao vya kung'aa na vitambulisho shingoni. Wanasema serikali inatoa msaada wa kupunguza bili ya umeme, na nyumba yako imo kwenye orodha. Hakuna orodha. Wanauza paneli za sola kwa mkopo wa miaka 25, na mkopo huo unaandikwa kwa jina lako.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba safari hii wamekuja na mtoto wetu. Kijana anaongea Kiswahili kizuri cha Kivu, anasalimia wazee kwa adabu, anauliza kambi gani mlitokea. Mtu akisikia lugha ya nyumbani mlangoni anafungua, anaweka na chai. Kijana analipwa kwa kila saini anayopata. Huenda naye hajasoma anachouza, lakini deni haliangalii nani alijua na nani hakujua.

Jirani yangu mmoja, mama wa Uvira, walimkuta Ijumaa. "Mama, weka kidole hapa, tunaangalia tu kama unastahili." Tableti haikutoka mikononi mwa kijana hata mara moja, mama aliona kisanduku cheupe cha saini, basi. Nywila ya barua pepe yake alikuwa ameisahau, kijana akamfungulia barua pepe nyingine palepale kwenye simu, na mkataba ukatumwa huko. Asubuhi binti yake akaniletea simu niwasomee. Kurasa arobaini na kitu, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho.

Bei ya mfumo mzima: dola 38,400. Malipo ya mwezi dola 142, na hiyo ndiyo namba pekee aliyotajiwa. Ukishuka chini zaidi unakuta kwamba dola 142 ni za miezi 18 ya kwanza tu. Kabla miezi hiyo haijaisha, mkopaji anatakiwa alete dola 11,520 kwa mkupuo, yaani asilimia 30 ya bei. Asipozileta, malipo yanapanda na kupita dola 200 kila mwezi mpaka mkopo uishe. Hizo 11,520 zinatoka wapi? Kijana alishamwambia: "Serikali itakurudishia kwenye kodi."

Serikali haitamrudishia. Nafuu ile ya kodi ya asilimia 30 kwa mwenye nyumba anayenunua sola ilikuwepo kweli, na sheria ya 2022 iliipa nguvu. Lakini sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeikata: sola iliyomalizika kufungwa baada ya 31 Desemba 2025 haipati kitu. Nafuu ya kuziba nyufa, kubadilisha madirisha na kufunga hita za kisasa nayo imekwisha tarehe hiyohiyo. Anayekuahidi sasa hivi anakuuzia kitu kilichokwisha.

Na hata ilipokuwa hai haikuwa hela ya kupewa mkononi. Ilipunguza kodi ya mapato unayodaiwa na serikali kuu, na iliyobaki ilisogezwa mwaka unaofuata. Mama mwenye watoto wanne anayefanya kazi ghalani usiku, kodi hiyo kwake ni ndogo sana au hakuna kabisa. Sasa utapunguza nini? Refandi anayoipata kila mwaka inatokana na watoto na kipato chake kidogo, haihusiani na sola. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana wanapenda mitaa yetu.

Bei yenyewe pia imevimbishwa. Mnamo Agosti 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani, FTC (tume ya serikali inayolinda wanunuzi) na CFPB (ofisi ya serikali inayolinda wateja wa mikopo na benki) zilitoa onyo la pamoja kuhusu biashara hii. CFPB ilieleza kwamba ada inayofichwa ndani ya mkopo wa sola mara nyingi inapandisha gharama kwa asilimia 30 au zaidi kuliko ukinunua taslimu. Riba inaonekana ndogo, kumbe wameshakula mbele.

Sasa la muhimu kwa aliyesaini wiki hii. Kanuni ya FTC inakupa haki ya kufuta mauzo yaliyofanyika nyumbani kwako hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za serikali hazihesabiwi. Muuzaji anatakiwa akuachie fomu ya kufuta, nakala mbili, na mkataba uwe kwa lugha ileile aliyokuongelesha. Kama alikuongelesha Kiswahili na kukuachia Kiingereza, amevunja kanuni. Hapa Ohio, bila taarifa hiyo ya kufuta kutolewa inavyotakiwa, siku tatu hazijaanza hata kuhesabiwa. Mama jirani tulimwandikia barua fupi, Jumatatu ikaenda posta kwa rejista, risiti anayo. Bado wanampigia wakidai eti mafundi wameshachora ramani ya paa na lazima alipie. Hajibu.

Msaada wa kweli upo, ila haukugongei mlango. Unaitwa Weatherization Assistance Program, yaani msaada wa kuiziba nyumba isipoteze joto, upo tangu 1976, na ni bure kwa familia ambayo kipato chake hakizidi mara mbili ya mstari wa umaskini. Hata mpangaji anaweza kuomba, mwenye nyumba akikubali. Fundi anakuja na feni kubwa, anaibana mlangoni, inavuta hewa nje, na hapo unasikia baridi inavyopenya kwenye soketi na pembe za madirisha. Wanaziba, wanaongeza pamba darini, wanakagua hita. Kasoro yake ni foleni ndefu. Utaulizwa hati za mshahara, utangoja, utapiga simu tena. Hutaambiwa uchukue mkopo. Piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, au ingia energyhelp.ohio.gov, na ukipiga simu sema "Swahili" wakutafutie mkalimani. Hapohapo ulizia HEAP, msaada wa serikali wa kulipia nishati ya nyumbani, kwa ajili ya bili za majira ya baridi.

Jambo dogo lingine: usimwonyeshe mtu wa mlangoni bili yako ya umeme. Ohio inaruhusu kuchagua kampuni ya kukuuzia umeme, na wapo wanaoitaka bili ili wapate namba ya akaunti, wakuhamishie kwa muuzaji mwingine bila wewe kujua. Angalia kwenye bili jina la anayekuuzia. Likibadilika ghafla, piga simu siku hiyohiyo.

Kama umeshasaini na siku zimepita, usitie kidole kwenye kitu kingine chochote, hasa fomu ya kusema kazi imekamilika. Omba mkataba kwa maandishi, tunza meseji zote, kisha piga ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio, 800-282-0515, ufungue malalamiko. Asiyejua kusoma Kiingereza aniandikie inboksi, tutasoma pamoja.