Uzoefu wangu na Playwright kwenye mfumo wa kupimia korosho, Mtwara

Niko Mtwara mjini, natengeneza mfumo wa kwenye brauza ambao makarani wa chama kimoja cha msingi wanautumia ghalani. Mkulima anafika na magunia, yanapimwa, karani anaingiza namba yake, daraja na kilo, anabonyeza Hifadhi, risiti inatoka. Ni fomu ndogo tu ila pale kwenye Hifadhi ndo pana pesa ya mtu ya mwaka mzima, kwa hiyo naomba mnivumilie nikieleza kwa urefu jinsi ninavyoijaribu kwa Playwright, programu inayofungua brauza na kubonyeza yenyewe kama mtu.

Msimu uliopita karani mmoja wa upande wa Tandahimba alinipigia usiku, akaniambia, "Mdogo wangu, huyu mzee kaleta gunia nne, mfumo unasema nane, na ni yeye mwenyewe karudi kuniambia hazikuwa nane." Mtandao ulikuwa unasuasua, karani kabonyeza Hifadhi akaona kimya, akabonyeza tena. Kosa lilikuwa langu, kitufe kilikuwa hakijifungi baada ya kubonyezwa mara ya kwanza. Na hiyo fomu nilikuwa nimeijaribu kwa mkono usiku mzima kabla ya kuiachia lakini sikuliona, maana kwangu sava (kompyuta inayopokea na kutunza rekodi) inajibu kabla sijanyanyua kidole.

Hapo ndo nikaamua testi zifanywe na mashine. Selenium, programu nyingine ya kazi hiyo, nilishaigusa, ipo tangu 2004 na ina watu wanaoijua sana, ila mi nilikuwa najaza "subiri sekunde tano" kila mstari na testi zangu zikawa leo zinapita kesho zinagoma. Nikahamia Playwright, ya Microsoft, ilitoka 2020, ni bure kabisa na unaweza kuandika kwa JavaScript, Python, Java au .NET. Kilichonishika ni namna inavyosubiri yenyewe: kabla haijabonyeza kitu inahakikisha kinaonekana, kimetulia hakisogei, hakijafungwa, na hakuna kitu kingine kilichokifunika. Zile subiri-subiri zangu nikazifuta zote.

Ina kitu kinaitwa codegen, unafungua brauza unafanya kazi yako kawaida na yenyewe inaandika testi pembeni. Nilimwomba dada mmoja karani aje akae kwenye laptopu yangu arekodi kama anavyofanya ghalani, nami nikanyamaza. Yaani kumbe yeye hagusi mausi kabisa! Anaingiza kilo, anaruka na Tab, anamaliza na Enter. Mi Enter nilikuwa nimeiandikia njia yake pembeni, na ile kinga mpya niliyoweka kwenye kitufe, ya kujifunga kikishabonyezwa, haikuwepo huko. Bila yeye kukaa pale ningesema nimeshatengeneza na msimu ungeanza vilevile.

Sasa testi yenyewe. Playwright inakuruhusu kusimama katikati ya ukurasa na sava, ukalishika ombi (ujumbe ambao ukurasa unautuma kwa sava) njiani ukalichelewesha, basi nikalichelewesha sekunde tatu (uhakiki mmoja unasubiri sekunde tano kwa kawaida, kwa hiyo inatosha) halafu nikaigiza Enter mara mbili. Nikaandika kwamba kwenye orodha iwepo rekodi moja tu. Ikapita, nikafurahi, kumbe imenipitishia kosa. Uhakiki wake unarudia kuangalia mpaka sharti litimie, na unaacha palepale likitimia, kwa hiyo rekodi ya kwanza ilipofika tu ikahesabu moja ikaondoka, ya pili ikiwa bado njiani. Mwenye fomu ya kuhifadhi pesa au kilo alishike hilo. Dawa niliyopata ni kuhesabu maombi yenyewe yanayotoka kwenda sava, yakiwa mawili testi ianguke hata kama skrini inaonekana safi.

Na ikianguka, ukiwa umewasha kurekodi trace (kumbukumbu ya testi nzima) unarudi kuangalia hatua kwa hatua, ukurasa ulivyokuwa kabla na baada ya kila kitendo pamoja na maombi ya mtandao. Kuna testi moja ilikuwa inagoma kubonyeza Chapisha Risiti, nikafungua trace nikaona ule ujumbe wa kijani "Imehifadhiwa" umekaa juu ya kitufe. Karani kwenye simu ndogo angebonyeza na kubonyeza asipate risiti, na mkulima amesimama pembeni anasubiri.

Vya kujua kabla hujaanza: inashusha brauza zake yenyewe, Chromium, Firefox na WebKit, ni mzigo mkubwa, mi nilikwenda kushushia sehemu yenye WiFi nzuri. Ukitaka moja tu unaweza kuchagua. Inaigiza saizi ya skrini ya simu na mguso ila si simu yenyewe, na app za Android za kuinstoli si kazi yake, kwa hiyo bado naenda ghalani na simu ya bei ya chini naijaribu juani. Pia niliwahi kubadilisha neno Hifadhi nikaweka Tunza, testi zikaanguka karibu zote kwa sababu zinatafuta kitufe kwa jina lake. Mi napenda hivyo, maana hata karani angepotea vilevile, nikarudisha Hifadhi.

Kwangu inapata tano kwa tano. Sasa hivi naandika testi ya mtandao kukatika kabisa katikati ya kuhifadhi, inaruhusu kuzima intaneti ya ukurasa na kuiwasha tena, nataka iwe imepita kabla magunia ya Oktoba hayajaanza kuingia.