Monita za masikioni kwa bendi na kwaya: anza na vipira

Malalamiko ninayoletewa na wapiga muziki wa Arusha na Moshi yamekuwa yale yale. Mpiga kinanda wa Njiro, mwimbaji wa bendi ya harusi wa Majengo, wote: "Dada, nimenunua monita za masikioni kwa hela nyingi, besi siisikii, na ibada ikiisha masikio yanalia." Wanazungumzia vile vispika vidogo vya kuchomeka masikioni ili mpigaji ajisikie jukwaani, na wanaamini wameuziwa kitu kibovu. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila kipira, ile ncha laini inayoingia tunduni, hakizibi sikio.

Kwa hiyo idadi ya spika zilizomo ndani, rangi na umbo nawaachia wauzaji, watakueleza hata usipouliza. Wewe angalia vipira. Sauti nene inataka tundu la sikio lizibwe kabisa. Pakibaki upenyo, besi inatoroka, unabaki na matoazi. Utamwomba fundi mitambo aongeze, naye ataongeza, na unachopata ni kuumia. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asizidi desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15, na sendofu zetu huchukua saa nne, tano.

Wanaochomoa upande mmoja ili wasikie waumini wanazidisha tatizo, kwa sababu sikio lililobaki litadai sauti kubwa zaidi. Fundi aweke maikrofoni inayowaelekea watu na akuingizie kidogo kwenye monita zako.

Kujaribu ni rahisi. Mpiga besi apige ule waya mnene kuliko yote, ukiwa wazi, bila kuubana kwa kidole. Sukuma monita ndani taratibu kwa kidole. Besi ikinenepa ghafla, ujue kilikuwa hakijaziba, kipira hicho hakikufai. Jaribu kila sikio peke yake, maana la kulia na la kushoto huweza kutaka saizi tofauti. Kipira cha sponji kibinye kwanza, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka kivimbe.

Namba moja kwangu ni Shure SE215, na sina wasiwasi kuisema. Inakuja na vipira vya sponji na vya mpira vya saizi mbalimbali, waya unapita juu ya sikio hivyo hauvutiki ukicheza, na ukikatika unabadilisha waya peke yake. Kampuni inasema inazuia kelele hadi desibeli 37. Ukikaa jirani na drams kwenye kanisa la kuta tupu utashukuru. Kumbuka tu kwamba mdomo wake, pale kipira kinapovalishwa, ni mwembamba, vipira vya kampuni nyingi nyingine vinapwaya.

Ya pili ni Sennheiser IE 100 Pro. Ni ndogo, nyepesi, sauti yake safi, inamfaa mwimbaji anayesimama mbali na drams.

KZ, monita za bei nafuu za Kichina, zinatosha kwa mazoezi. Zitafutie sponji.

Mpiga drams na mpiga kinanda hawatembei jukwaani, basi waanze na Behringer P2, kikuza sauti kidogo cha kiunoni kinachopokea sauti kwa waya na kuipeleka kwenye monita, kabla ya kufikiria mitambo isiyo na waya.

Sasa maduka. Kuna duka mjini hapa lililomuuzia msomaji wangu SE215 boksi likiwa limeshafunguliwa, sponji zote hazimo. Aliporudi akaonyeshwa kibao: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nani alizitoa? Na bei alitajiwa kwa dola, wakati kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni! Mtu amechangiwa na kwaya nzima, anauziwa nusu ya kifaa kwa bei kamili. Inaniumiza sana.

Boksi lifunguliwe mbele yako, vipira vihesabiwe, risiti iandike jina kamili la kifaa. Sponji zikikosekana, usilipe. Ukiagizia Nairobi kwa magari ya Namanga, mtumaji akupigie picha ya pakiti ya vipira kabla hujatuma hela.