Kinga ya rimu za kromu jijini Mwanza: ipi inastahili fedha yako

Mwenye rimu za kromu anayeishi Mwanza ana nafuu moja ambayo mwenzake wa Dar es Salaam au Tanga hana: maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, na upepo wake haubebi chumvi. Hata hivyo, rimu hizo hufanya vidoa na kubabuka hapa pia, na ni vyema kujua sababu kabla ya kuingia dukani. Kromu yenyewe haishiki kutu kwa urahisi. Ni utando ambao kwa kawaida haufikii hata mikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), umelazwa juu ya nikeli, nao una nyufa zisizoonekana kwa macho. Unyevu wenye chumvi au asidi ukipenya humo, huila nikeli na baadaye aluminiamu au chuma kilicho chini, mpaka kromu ikainuka kama gamba.

Vumbi la breki huharakisha uharibifu huo, kwa kuwa chembe zake za chuma huganda kwenye rimu zikiwa na joto na kushika kutu papo hapo; anayeteremka kilima cha Bugando kila siku hulizalisha kwa wingi. Chumvi nayo haikosekani: gari linalobeba kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, huchuruzikiwa maji ya chumvi hadi kwenye magurudumu. Tena, rimu zilizotumika katika mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, huenda zimefika zikiwa zimekwisha kuanza kuliwa kwa chini.

Kwa hiyo kinachonunuliwa ni kitu cha kuziba nyufa hizo, na nafasi ya kwanza naipa nta ya sintetiki. Hudumu miezi kadhaa, huvumilia joto kuliko nta ya asili, na mwenye gari anaweza kuipaka mwenyewe kivulini, rimu zikiwa zimepoa na kukauka kabisa. Ipakwe kabla ya vuli na tena kabla ya masika, na upande wa ndani wa rimu usiachwe, maana huko ndiko vumbi la breki linakojikusanya bila mtu kulitazama.

Seramiki, yaani kinga ya majimaji inayokauka na kuwa utando mgumu, naiweka ya pili, ingawa hudumu muda mrefu zaidi, pengine mwaka na zaidi. Tatizo lake ni maandalizi: ikipakwa juu ya mafuta, nta ya zamani au kutu, hufungia uchafu ndani. Kwa rimu mpya ningeipandisha juu. Kwa zilizokwisha kufanya vidoa, hapana.

Ya tatu ni nta ya karnauba, nta ya asili itokanayo na mti wa Brazili, ambayo hung'aa vizuri lakini huyeyuka kwenye nyuzi joto 80 na kidogo, kiwango ambacho breki zilizofanya kazi kubwa huweza kukikaribia. Humfaa anayeipaka upya mara kwa mara.

Polishi ya kromu husafisha tu, haikingi. Kabla ya kuinunua, jaribu karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, kwani ni laini kuliko kromu na huondoa kutu ya juujuu; steliwaya iachiwe masufuria. Ya mwisho kabisa ni vanishi ya kupuliza, ambayo haishikamani vema na kromu, na jiwe moja likiibandua, maji hukaa chini yake.

Sabuni sikuipanga, kwa sababu yote hayo huitegemea: chagua shampuu ya magari isiyo na asidi wala magadi makali. Kijana mmoja aliwahi kunioshea rimu kwa dawa ya vyoo. Ziling'aa siku hiyo, na wiki chache baadaye kingo zikafanya ukungu mweupe ambao haujatoka hadi leo. Wala kuliingiza gari ziwani ili kulioshea humo si njia ya mkato, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Ukibadilisha matairi, mwambie fundi wa balansi atumie vyuma vya kubandika kwa gundi upande wa ndani, asigongelee vile vya kubana ukingoni, kwa maana hukwaruza kromu, na hapo nta yoyote itakuwa imechelewa.