Ua la maiti: uzoefu wangu, na kwa nini uende usiku

Jamani, kama bustani ya mimea iliyo karibu na wewe inalo hili ua la maiti, Amorphophallus titanum, nenda usiku ule ule linapofunguka, usingoje kesho. Nasema hivi maana nimesoma maoni ya watu wanalalamika hawakusikia harufu yoyote, na ukiangalia wengi wameenda mchana wa siku ya pili. Linaanza kufunguka jioni, uvundo unapanda usiku, na ndani ya saa 24 hadi 48 limeshasinyaa.

Mimi niliingia ile nyumba ya vioo usiku. Mwanzo nikasikia kidogo tu, mara uvundo huo ukanivamia, nyama iliyooza na shombo ya samaki waliochina, machozi yakanitoka, halafu ukatulia, halafu ukarudi tena. Ule mhimili mrefu wa katikati unajipasha joto mpaka karibu nyuzi 36, yaani joto la mwili wa mtu, na ndo linalorusha harufu mbali ili mbawakawa na nzi wa mizoga wadanganyike waje wachavushe.

Nilichopenda kuliko vyote ni kidirisha walichokata chini ya ua. Ukichungulia unaona kumbe sio ua moja, ni mamia ya vijiua vimepangana, vya kike chini, vya kiume juu yake, na vya kike vinakomaa kwanza kwa hiyo kujichavusha ni shida. Mhudumu alikuwa anapaka chavua iliyotoka bustani nyingine kwa brashi, taratibu kabisa, na mimi ningekaa pale hadi asubuhi. Huko kwao Sumatra, Indonesia, inakadiriwa imebaki chini ya 1,000 porini kwa sababu misitu inakatwa, na mmea mmoja unaweza kuchukua miaka 7 hadi 10 kabla ya kutoa ua la kwanza, sasa fikiria thamani ya ile brashi. La kwanza kuchanua nje ya Sumatra lilikuwa bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1889.

Nyota nne. Moja nimeitoa kwa sababu ya foleni, unasubiri sana halafu unapewa dakika chache, wangeacha milango wazi mpaka alfajiri. Bustani nyingi siku hizi zinaweka kamera mubashara, kwa hiyo ukiona lile jani kubwa linalozunguka mhimili limeanza kuachia upande mmoja, ondoka muda huo huo.