Makumbusho ya Lombroso pale Torino, nendeni mkaone

Jamani mkifika Torino, Italia, msipite bila kuingia humu. Ni ya yule daktari Cesare Lombroso aliyetoa kitabu 1876 akidai kuna watu wamezaliwa wahalifu na unawajua kwa sura tu, taya kubwa, mikono mirefu, masikio yamechomoza, eti wamerudi nyuma kwa mababu wa kale. Lipo fuvu la Villella, mtu wa Calabria kule kusini mwa Italia, lina kishimo kidogo kwa nyuma ndani, na hicho kishimo ndo alijengea nadharia nzima, nilisimama pale muda mrefu roho inaniuma kwa kweli. Mifupa ya Lombroso mwenyewe nayo ipo, aliacha usia iwekwe.

Kilichonigusa zaidi ni mitungi ya maji ya wafungwa, wameikwaruza maneno na michoro, hapo unaona binadamu kabisa sio "aina" ya mtu.

Nimependa hawamtetei, wanaonyesha alikosea wapi. Daktari wa magereza Charles Goring kule Uingereza alipima wafungwa kama 3,000 akatoa majibu 1913, hiyo sura ya mhalifu hakuiona. Watoto wadogo msiwapeleke, mafuvu ni mengi mno.