Roboti ya kufagia inayoogopa zulia jeusi

Miezi minne nimekaa na roboti hii, na kosa la kwanza ni langu mwenyewe: niliinunua nikiwa na filamu kichwani. Taa yake ilipowaka nilikumbuka ile kompyuta ya jicho jekundu, ya filamu ya 1968, iliyokataa kumfungulia mwanaanga mlango. Hii yangu ilimeza soksi, ikakwama chini ya kitanda, ikaanza kulia.

Kufagia inafagia. Vumbi, nywele, makombo, vyote inazoa. Pembeni haifiki vizuri kwa kuwa ni ya duara, kwa hiyo ufagio sijautupa.

Kichekesho ni zulia jeusi. Tumboni ina vijicho vinavyomulika sakafu kwa mwanga usioonekana. Mwanga usiporudi, inajua imefika ukingo wa ngazi. Rangi nyeusi hunywa mwanga huo. Basi ikifika hapo inasita, inarudi kinyumenyume, inajaribu upande wa pili, inasita tena. Mwanangu wa miaka sita huchuchumaa kuibembeleza: "Usiogope, si shimo." Nikamwambia haiogopi, haina moyo. "Sasa mbona inarudi nyuma, Mama?" Nikanyamaza. Hata mimi nikiigonga kwa mguu huiomba radhi.

Neno roboti lenyewe lilianzia katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki la kazi ya shokoa, na humo roboti huwaasi wanadamu. Filamu zimetukaririsha uasi huo tangu utoto, mpaka nami nikawa nausubiri. Kumbe wakati huo mashine inazunguka na leza yake ikipima kuta. Siku moja nikafungua programu yake kwenye simu nikaiona nyumba yangu yote imechorwa: vyumba, milango, hata kitanda kilipo. Ramani hiyo inakaa kwenye seva za kampuni. Nilikubali mwenyewe, kwa kubofya masharti ambayo sikuyasoma. Jicho jekundu ningelishtukia. Kitufe cha "Nakubali" nani angekitengenezea filamu?

Nyota tatu. Ya nne ningeitoa kama ingeweza kukatazwa chumba fulani bila kuunganishwa na intaneti. Kwa sasa nimeinyima Wi-Fi, naiwasha kwa kitufe cha mgongoni, milango ya vyumba naifunga. Zulia jeusi nalikung'uta kwa mkono.